Baiskeli Isiyo na Mkwaruzo

Machi 3

Shemeji ananicheka. Anasema siku hizi watu hawaandiki safari, wanapiga picha kwa simu. Yeye ni mdogo wa marehemu mume wangu na amezaliwa bila chembe ya shaka; ukimwambia jiwe ni andazi ataomba chai. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro. Kwenye kazi yangu, anayenichekea asubuhi anataka gundi ambayo hakuiombea kibali. Kwa hiyo naandika.

Sababu ya safari niiweke hapa mwanzoni isije ikapotea kwenye jasho. Mwaka jana, wakati wa mvua kama hizi, mume wangu alichukua likizo akapanda milima hii kwa baiskeli, kama alivyofanya karibu kila mwaka. Akarudishwa ndani ya sanduku. Karatasi ya polisi ilisema maporomoko ya udongo. Nililia, nikazika, nikaamini. Mazishi yakapita, na siku moja lori la mbao likasimama nje na baiskeli yake juu. Ilikuwa imeoshwa, mnyororo umetiwa mafuta, tairi mpya mbele na nyuma. Dereva aliishusha, akatoa pole, akakataa hata maji ya kunywa.

Nikaizunguka ile baiskeli kama ninavyozunguka mzigo ulioingia stoo bila maelezo. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mtu anasafiri kwa baiskeli, udongo unamfunika, na baiskeli inabaki inang'aa? Basi hakuwa juu yake. Alikuwa wapi, na nani, anafanya nini? Mama mkwe anasema nimwache marehemu apumzike. Sawa, apumzike. Mimi je, napumzikia wapi?

Naendesha baiskeli hiyo hiyo, shemeji nyuma yangu na ya kwake. Kiti nimekishusha.

Machi 5

Mapaja yanawaka moto. Lori la mbao limetupita, dereva akaikodolea macho baiskeli. Sina zaidi ya kuandika.

Machi 7

Tumefika kwenye vijumba vya kwanza vya mlimani tukiwa tumelowa. Mwenye duka alikuwa mlangoni anapima sukari. Alipoiona baiskeli mkono ulisimama hewani, sukari ikamwagika juu ya mizani. Kisha akapata sauti.

"Karibuni, karibuni sana! Ingieni, maji ya kuoga yako tayari."

Maji ya moto, ndoo mbili, yalikuwa yanatoa mvuke. Hatukuwa tumempigia mtu simu. Hatukuwa hata tunajua kama pale pana watu. Hakuuliza tunatoka wapi wala tunakwenda wapi, na mwenye duka asiyeuliza maswali mimi sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Mkewe alitujazia sahani mpaka chakula kikawa kinaanguka mezani. Nilimwambia maziwa sinywi, akanitolea chai ya rangi.

"Shem, watu wema wapo duniani," shemeji akaninong'oneza huku anaongeza mayai.

"Wapo. Na wajanja wapo."

Nimelala mkanda wa begi nimeuzungushia mkononi.

Machi 8

Mvua. Mwenye duka hataki tuondoke, mvua nayo hivyo hivyo.

Machi 10

Machale yamenicheza na sasa nina ushahidi. Leo tumepokelewa na seremala, nyumba iliyo peke yake juu kabisa ya mteremko. Kabla sijafungua mdomo, mkewe akaweka mbele yangu kikombe cha chai ya rangi, akampa shemeji ya maziwa.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Nimejuaje nini, dada?"

"Kwamba maziwa sinywi."

Akamtazama mumewe, mumewe akaitazama dari. Kwa hiyo wanapigiana simu. Wanatupokezana nyumba hadi nyumba kama mzigo wa magendo, na kila anayetupokea anajua tulichokula jana.

Seremala anachechemea vibaya mguu wa kushoto. Shemeji, kwa kupenda kwake habari za watu, akamuuliza amepatwa na nini. "Nilianguka kwenye ngazi," akasema. Baadaye jikoni nikamuuliza mkewe. "Aliangukiwa na gogo," akasema. Mguu mmoja, hadithi mbili. Kiwandani mtu akija na hadithi mbili za gunia moja, nafunga mlango na kumwita meneja.

Machi 11

Nimechoka kuzunguka mbuyu. Asubuhi, chai ikiwa mezani, nikamuuliza seremala uso kwa uso kama alimfahamu mume wangu.

"Alipita hapa," akasema.

"Alilala?"

"Alilala. Chumba hicho hicho chenu." Akakuna kidevu. "Alinitengenezea mlango wa banda la kuku. Mpaka leo haufungi."

Nikacheka kabla sijajizuia. Mume wangu hakuweza kupigilia msumari ukanyooka, na kamwe hakukubali kwamba hawezi. Alikuwa haoni mtu anafanya kazi akapita. Lazima ashuke aharibu kidogo. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka kwa sababu nyingine. Ndipo nikaona mke wa seremala analia pia, na si machozi ya kunisindikiza. Alikuwa analia kama mtu mwenye lake moyoni. Akachukua vyombo akatoka.

Kwa nini mwanamke huyu amlilie mgeni wa usiku mmoja?

Machi 12

Ukungu. Tumesukuma baiskeli zaidi ya tulivyoziendesha. Shemeji ameimba njia nzima na sauti hana.

Machi 14

Pancha, gurudumu langu la nyuma. Kabla hatujafungua pampu akatokea kijana wa pikipiki, akaziba, akajaza upepo, akakataa asante yenyewe. Akasema, "Kaza mwendo, dada, kona ya juu wanawasubiri," akaondoka zake.

"Wanatusubiri akina nani?" nikamuuliza shemeji.

"Watu wenye chakula, Mungu akipenda."

Huyu bwana siku moja ataliwa na mamba huku anamsifia meno.

Machi 17

Leo nimepewa maelezo, na maelezo yenyewe yamenitia wasiwasi kuliko kimya.

Kambi ya barabara ni mabanda ya mabati kwenye bega la mlima. Msimamizi ni mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alitueleza wanavyofanya kazi. Mvua ikianza, udongo unashuka barabarani, na kila nyumba inatoa mtu wa kufukua. Wakati wengine wako chini na sepetu na matoroli, mmoja anasimama juu ya jiwe upande wa pili wa barabara, mahali anapouona mlima wote. Pembeni yake inaning'inia ringi kuukuu ya lori, na mkononi ana nondo. Kazi yake ni kuutazama mlima tu. Akiona jiwe dogo linajitikisa, akiona majani yanainama bila upepo, anapiga ringi na watu wanatimua mbio. Wanaiita kengele.

"Na siku ile?" nikauliza.

Akavuta pumzi. "Mumeo alifika kwenye kona akakuta tunafukua. Akaegesha baiskeli, akashika sepetu. Hakuna aliyemwomba, mama. Tulimkataza, akasema hawezi kupita anaona watu wanahenyeka."

Hapo nilimwamini. Ni yeye mtupu. Na baiskeli nayo nikaielewa: ilikuwa imeegeshwa mahali salama wakati mwenyewe anakufa.

"Kisha mlima ukashuka," akasema msimamizi. "Kengele ilipigwa. Wenzake wakakimbia. Yeye hakusikia."

Shemeji akainamisha kichwa, akamshukuru. Mimi sikushukuru. Mume wangu alikuwa anasikia tairi likivuja kabla halijalegea. Alikuwa anasikia sufuria inachemka akiwa nje ya geti. Leo wafanyakazi waliipiga ile ringi kunionyesha, na meno yangu yalitetemeka mdomoni. Mtu asiisikie hiyo? Msimamizi alipokuwa anasema "kengele ilipigwa" alikuwa anaokota vijiti vya kiberiti ambavyo havikuwa vimeanguka.

Anadanganya. Wote wanadanganya, na wanadanganya kwa upole mkubwa.

Machi 18

Tumehamia nyumba iliyo pale pale kwenye kona, hatua chache kutoka mahali penyewe. Mwenye nyumba ni mjane wa umri wangu. Wanamwita Mama Kona, na msimamizi ametusihi tusimsumbue kwa maswali.

Machi 19

Mvua ya kutwa. Mama Kona anatulisha kama anatunenepesha kwa ajili ya maonyesho ya mifugo. Uji, viazi, mayai, maharage, tena uji. Haketi kula nasi. Hanitazami usoni.

Machi 21

Nitaandika jambo la kunitia aibu, lakini shajara ni yangu. Nilipokataa ndizi leo, Mama Kona akateleza ulimi: "Hata yeye alikuwa hapendi ndizi." Alipoona nimemkazia macho akakimbilia kuni.

Amejuaje? Ni mjane, ana sura nzuri, nyumba yake iko njiani, na mume wangu alipita milima hii karibu kila mwaka. Watu wote wanamhurumia yeye kuliko wanavyonihurumia mimi. Mke wa seremala analia. Msimamizi anamsemea. Nikimwekea hesabu hiyo mtu yeyote, atajibu nini?

Nikamweleza shemeji. Kwa mara ya kwanza safari nzima alinikasirikia.

"Shem, kaka yangu alikuwa anakusifia mpaka tunamkimbia. Acha. Utamuua mara ya pili."

Nikaenda kulala. Lakini shaka ni kama kijiwe kwenye kiatu, huwezi kuiamrisha itoke.

Machi 22

Mvua. Mama Kona amefua nguo zetu bila kuambiwa. Nimekagua mifuko yote. Hakuna kilichopungua.

Machi 24

Sasa najua.

Mchana mvua ilipungua, shemeji akaenda kambini kuangalia kama njia ya chini inapitika. Nikaingia jikoni. Mama Kona alikuwa anamenya viazi, rundo la kutosha kulisha harusi, na tuko watu watatu. Nikafunga mlango nikauegemea.

"Dada," nikasema, "ulikuwa na mume wangu?"

Akanitazama. Tangu nifike ndiyo mara ya kwanza. Nilitegemea hasira au kicheko, na kilichokuja usoni kwake kilikuwa karibu na nafuu, kama mtu anayeshtakiwa kosa dogo kuliko alilofanya.

"Ingekuwa hivyo," akasema, "ningekuomba radhi nikalala."

Kisu kikamtoka. Akaketi sakafuni katikati ya maganda, akazungumza huku anatazama mikono yake. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kengele. Tangu msichana nakaa kwenye kengele, kwa sababu mlima huu naujua. Baba yangu alinisimamisha pale nikiwa mfupi kuliko ringi yenyewe. Mumeo alifika asubuhi, akashika sepetu. Saa zikaenda. Wenzake walikula viporo vyao, yeye hana kitu. Nikamuuliza toka juu ya jiwe, 'Shemeji, umekula?' Akasema, 'Usijali, nimezoea.' Mgeni, dada! Mgeni anatufukulia barabara yetu na tumbo tupu, na nyumba yangu hiyo hapo, moshi unaonekana. Niliona aibu. Niliona aibu kuliko nilivyoogopa. Nikamuuliza kama ndizi anakula, akasema hapendi. Nikasema basi viazi vipo jikoni, nakimbia mara moja. Niliweka nondo juu ya jiwe."

Akaokota ganda la kiazi, akalikunja. Sikumsaidia.

"Nilikuwa nafunika sahani niliposikia. Nilitoka nayo mkononi. Seremala walimvuta akatoka, mguu ukiwa umeshapondwa. Mumeo ndiye aliyekuwa ndani kabisa, chini ya ukuta wa udongo. Hakuna kengele iliyopigwa. Alikuwa na masikio, dada. Hakukuwa na cha kusikia."

"Na msimamizi?"

"Polisi walipokuja akasema ilipigwa. Nyumba zote zikasema ilipigwa. Walisema nitafungwa, na nikifungwa mumeo hatarudi. Nikakubali. Baiskeli ilikuwa ukumbini kwangu. Niliiosha, mwenye duka akatoa tairi. Tulitaka tukupe kitu, na hatukuwa na kitu cha kukupa."

Nilikuwa nimekuja na hasira za aina nyingi, za kumpiga mwizi, za kumvua nguo mwongo. Sikuwa nimebeba hasira ya mtu aliyemuua mume wangu kwa sahani ya viazi. Nilitaka awe mbaya. Ningejua la kufanya. Nilisimama pale nimeshika kitasa na nilimchukia kwa sababu alikuwa mwema, na nikawachukia wote, maji yao ya moto, mayai yao, chai yao ya rangi. Kumbe tangu kwenye duka nilikuwa nalishwa kwa niaba yake.

Nikamwambia, "Mlisema hakusikia. Mlimtwisha marehemu kosa lako."

"Ndiyo," akasema.

Niliokota begi langu nikatoka mvuani.

Machi 25

Nipo kambini. Nimekula biskuti zangu mwenyewe.

Machi 26

Msimamizi alikuja na sauti yake ya kubembeleza, nikaikatiza. Nimemwambia anaweza kuficha kosa la jirani yake bila kulipeleka kaburini kwangu. Nimemwambia kama ningemwamini, ningempelekea mama mkwe habari kwamba mwanawe alikufa kwa kutokuwa mwangalifu. Hakujitetea. Alisema nikitaka kwenda polisi, kijana wa pikipiki atanipeleka, na yeye mwenyewe atakwenda kukiri uongo aliosema.

Shemeji amelia siku nzima. Yeye asiyeshuku kitu, kikimfika kinamfika chote kwa pamoja. Hata hivyo jioni alikubali sahani iliyoletwa kutoka kwenye kona. Nilimwuliza imemshukaje kooni.

"Kaka hakuipata yake," akasema. "Nimekula ya kwake."

Machi 28

Tulipanga kuteremka leo. Mlima umeshuka alfajiri, kona ile ile. Barabara imezibwa, trekta liko upande wa chini na seremala yuko kwake, upande huo huo. Upande wetu hakuna unga, na mzee mmoja wa nyumba ya juu dawa zake zinakaribia kuisha. Kesho watu wote wanafukua.

Machi 30

Naandika mikono ikiwa na malengelenge, mwandiko unisamehe.

Jana asubuhi walikusanyika kwenye kona, wanaume kwa wanawake, sepetu, sururu, matoroli. Msimamizi akatazama huku na huku. Tangu mwaka jana seremala ndiye anayekaa kwenye kengele kwa sababu ya mguu wake, na seremala hayupo. Mama Kona alisimama nyuma kabisa, sepetu begani, macho chini. Hakuna aliyetazama upande wake. Waliutazama mlima, matope, viatu vyao, kila kitu isipokuwa yeye.

Msimamizi akanijia na nondo. "Mama, wewe sepetu hujaizoea. Simama juu ya jiwe. Ukiona kitu, piga."

Nikapanda. Nikatazama. Nikaona udongo mwekundu, majani, vijito vya maji, mawe mengi madogo, na kila kitu kilionekana kama kinatembea na hakuna kilichotembea. Chini yangu watu walishaanza kuinama. Shemeji alikuwa mmoja wao, pale pale chini ya ukuta. Mwenzake wa kuzaliwa tumbo moja alifia hapo na yeye anapiga mluzi. Nikaikaza nondo. Mimi naujua mlango wa stoo. Mlima huu siujui. Nikikosea nitaua watu, tena nikiwa nimekodoa macho.

Nikashuka na nondo mkononi, nikapita katikati yao mpaka nyuma, nikamwekea Mama Kona mkononi.

"Usinipe," akasema.

"Unaujua au huujui?"

"Naujua."

"Basi panda."

"Dada, mbele ya watu wote hawa..."

"Sijakusamehe," nikamwambia, na nilisema kwa sauti ili wote wasikie, maana ni kweli. "Nipe sepetu yako."

Akapanda. Msimamizi akashika toroli. Nami nikaenda kusimama kando ya shemeji, chini ya ukuta, mahali penyewe.

Sitajisifu kwamba nilikuwa na imani. Nilifukua nikiwa nimegeuza uso upande wa lile jiwe, sepetu moja ya udongo, jicho moja kwake. Shemeji akasema hivyo nitajikata mguu. Nilitaka kumwona akipepesa, akijikuna, akiongea na mtu. Nilitaka nimkamate. Alisimama ameshika nondo kwa mikono yote miwili, kitambaa kimemwangukia shingoni na hakukiinua.

Mara moja tu alipiga. Tulikimbia wote, mimi mbele ya vijana, na jiwe la ukubwa wa kuku likashuka likatua taratibu barabarani. Watu wakacheka kwa woga. Yeye hakucheka. Tukarudi.

Mchana ukapita na hakuna aliyepika, maana wote tulikuwa pale. Tumbo langu likaanza kunguruma. Moshi ulikuwa bado unatoka kidogo kwenye paa la jiko lake, hatua chache tu nyuma ya mgongo wake. Hapo likaniingia jambo ambalo sijui kama ni ukatili. Nikasimika sepetu kwenye udongo, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Dada! Nina njaa!"

Sepetu zote zikasimama. Shemeji akanishika mkono, "Shem, jamani." Juu ya jiwe niliona mabega yake yakishtuka kama amepigwa. Mgeni ana njaa, mbele ya nyumba yake, na watu wote wamesikia. Niliona shingo yake inataka kugeuka. Niliona mguu mmoja ukinyanyua kisigino.

"Dada, njaa inaniuma!"

Kisigino kikarudi chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Macho yake hayakutoka mlimani.

"Utakaa nayo," akasema. "Fukua."

Nikang'oa sepetu, nikaligeuzia lile jiwe mgongo, nikafukua bila kutazama nyuma.